"Cheupe cha duara" sio jina la dawa

Hivi nani alituambia dawa ya maumivu unaijua kwa rangi? Mtu anatupia picha kwenye grupu la WhatsApp, "jamani hiki kidonge ni cha nini, nimekikuta kwenye droo", na majibu yanamiminika hapo hapo, huyu parasetamoli, yule hiyo ni ya presha, mwingine anaapa kabisa alishawahi kuimeza mgongo ukapoa. Na picha yenyewe imepigwa gizani, upande wenye maandishi umelala chini!

Vidonge vyeupe vya duara ni vingi mno, vya maumivu, vya presha, vya kisukari, vya usingizi, na dawa ile ile ikitoka kiwanda kingine inaweza kuja na rangi nyingine kabisa. Cha kuangalia ni zile herufi na namba zilizogongwa juu yake. Marekani sheria inataka karibu kila kidonge kiwe na alama ya kukitofautisha na vingine, ndo maana ukiandika M367 kwenye tovuti za kutambua vidonge unaambiwa moja kwa moja ni haidrokodoni (dawa kali ya maumivu) miligramu 10 pamoja na parasetamoli miligramu 325. Ila nchi nyingi hazilazimishi hivyo, unaweza kukuta kidonge kina mstari wa kukatia tu basi, na huo mstari hausemi lolote.

Hiyo 325 sasa ndo watu wanairuka. Mtu kaandikiwa dawa kali, maumivu bado yapo, anaongeza parasetamoli za kawaida juu yake kumbe anameza dawa hiyo hiyo mara mbili, na kikomo kwa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 4,000 kwa siku, ukizidisha ini ndo linaumia, na kibaya zaidi siku ya kwanza unaweza usijisikie vibaya kivile.

Halafu kuna feki. Kidonge cha bluu chenye M na 30 kinatakiwa kiwe oksikodoni, nayo dawa kali ya maumivu, lakini wahuni nao wana mashine za kugonga M na 30 vizuri tu, na ndani wanaweka fentanili, dawa ya maumivu kali kupita zote hizo. Mwanamuziki Prince alifariki 2016 kwa fentanili, na waendesha mashtaka walisema 2018 kwamba inaonekana alidhani anameza Vicodin halisi, yaani ile ile haidrokodoni na parasetamoli. Kwa hiyo kidonge ambacho hakikutoka kwa mfamasia, mimi alama yake siiamini hata iwe safi namna gani.

Ila kinachoniudhi kuliko vyote ni mkasi. Watu wanakata karatasi ya vidonge vipande vipande, jina linaondoka na kipande kimoja, tarehe ya kuisha muda imegongwa pembeni kabisa nayo inaondoka na kingine, wewe unabaki na vidonge vinne havijulikani baba wala mama. Acha kukata bwana, anza kutoa upande usio na tarehe, na hiki cha kwenye droo mpelekee mfamasia akitazame mkononi, akishindwa kukitambua mwachie akiteketeze.

Na kama mtu ameshakimeza, hasa mtoto, au anasinzia ovyo na anapumua kwa shida, achaneni na mambo ya grupu, kimbizeni hospitali, mbebe na vilivyobaki na pakiti yake hata kama imechanika.