Kura ya bangi ya dawa Mississippi: wagonjwa ndo waliobebeshwa kosa la hesabu

Novemba 2020 watu wa Mississippi, jimbo la kusini mwa Marekani, walipiga kura ya bangi ya dawa, Mei 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta yote. Wapo wanaosema mahakama iliwaokoa na wavuta bangi, na mi naona hapo hawajaelewa. Hili ni jimbo la makanisa kila kona, lilompa Trump ushindi siku ileile, lakini asilimia 68 hivi walisema ndiyo, na walipopewa pendekezo la wananchi, namba 65, na lile la bunge, zaidi ya 70 kwa mia wakachagua 65. Walikuwa wanafikiria kansa, kifafa, na selimundu, ugonjwa ambao hata sisi tunaujua vizuri.

Kilichowaangusha ni hesabu. Pendekezo la wananchi linahitaji saini ili lifike kwenye kura, na katiba ya jimbo inakataza wilaya moja ya uchaguzi wa Kongresi, yaani bunge la taifa, kutoa zaidi ya moja ya tano ya saini hizo, kipengele hicho kilipoandikwa wilaya zilikuwa tano, baada ya sensa ya 2000 zikabaki nne. Sasa asilimia 20 mara 4 ni 80, hiyo 20 iliyobaki unaitoa wapi?

Meya wa Madison, Mary Hawkins Butler, ndo alofungua kesi kwa hoja hiyo ya saini, na kilichomsukuma kina uzito maana 65 iliziachia halmashauri za miji nguvu ndogo sana kupanga maduka ya bangi yakae wapi. Majaji 6 kati ya 9 wakasema maandishi ni maandishi, kurekebisha ni kazi nyingine sio ya jaji. Hapo nawaelewa.

Lakini 2011, wilaya zikiwa nne tayari, wananchi walipitisha kwa njia hiyohiyo sharti la kitambulisho wakati wa kupiga kura, saini zikahesabiwa kwa ramani ya zamani ya wilaya tano na hakuna aliyefuta kitu. Na hukumu haikuishia kwenye bangi, iliua haki yenyewe ya wananchi kupeleka jambo kwenye kura, waliokuwa wanakusanya saini za kupanua Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, wakasimama palepale, na bunge limepita 2022, 2023 na 2024 bila kuirudisha. Hili ndo linaniuma zaidi.

Utaambiwa si bangi waliipata, Gavana Tate Reeves alisaini sheria ya bunge Februari 2022. Sawa, ila maduka yalianza kuuza Januari 2023, wakati 65 ilitaka kadi za wagonjwa zianze kutoka kufikia katikati ya Agosti 2021, na mtu ambaye kansa imeshasambaa hana mwaka na miezi mitano ya kusubiri.