Dokta, Usinifanye Garfield

Kwa kuwa jamaa yangu ameshamwaga habari za mimi kumkimbia dokta zahanati kwenye magrupu yote, hadi lile la michango ya harusi, acheni niseme mwenyewe. Sikukimbia mpaka kituo cha daladala. Niliishia dirisha la dawa. Mengine aliyosema ni kweli, isipokuwa habari za rangi ya chupi, hizo tumwachie Mungu.

Ugonjwa wangu mnaujua. Wenzangu wakipita kwenye vitabu vya mitumba pale Posta wanachambua vya ujasiriamali, mimi nachambua wanasiasa wa Marekani wa karne ya 19. Wale watu walikuwa vituko, nyie! Aaron Burr, Makamu wa Rais kabisa, anamuua mpinzani wake Hamilton kwa bastola mwaka 1804, halafu anarudi zake kuongoza Seneti. Mwaka 1856 mbunge Brooks anaingia ukumbini kwa maseneta na kumcharaza seneta Sumner bakora mpaka bakora inakatika, na mashabiki wanamtumia bakora mpya. Ukianza kusoma hayo hulali.

Sasa wiki ile nilikuwa nimefika kwa James Garfield. Na wiki ile ile jipu likaniota. Tako la kushoto.

Kwa msiomjua: Garfield aliapishwa kuwa Rais wa Marekani Machi 1881, na Julai 2 akapigwa risasi kwenye stesheni ya treni mjini Washington na Charles Guiteau, bwana aliyejiaminisha kwamba hotuba yake ndiyo iliyompa Garfield ushindi, kwa hiyo anadai ukonsuli wa Paris. Risasi haikumuua. Waliokuja baada ya risasi ndio balaa. Daktari huyu anaingiza kidole kwenye tundu kutafuta risasi, yule anaingiza chake, na kunawa mikono hakuna. Mkubwa wao aliitwa Bliss, na jina lake la kwanza, wallahi, lilikuwa Doctor. Alexander Graham Bell akaletwa na mashine ya kusaka chuma. Bliss akamruhusu apime upande wa kulia tu, na risasi imejikalia kushoto. (Kushoto! Upande wangu!) Usaha ukatapakaa mwilini. Mwisho wakawa wanamlisha mchuzi wa nyama na viini vya mayai kwa njia ya haja kubwa. Septemba 19 akafariki. Guiteau akajitetea mahakamani kwamba yeye alipiga risasi tu, waliomuua ni madaktari. Wakamnyonga vilevile.

Hayo yote niliyasoma usiku kucha nimelala kifudifudi, maana kukaa siwezi. Kulipokucha jamaa akanipeleka zahanati.

Siku yenyewe ilikuwa ya kliniki ya wajawazito. Benchi zimejaa, wengine wamesimama. Nikaitwa ndani, nikapanda kitandani, suruali ikashuka magotini. Dokta ni binti mdogo, mpole, amevaa glovu. Pembeni yake nesi mtu mzima, wa kukuita "baba" huku anakubana bega usijitikise. Mbele ya pua yangu kuna kile kisahani cha chuma cha vifaa, kinang'aa kama kioo, na humo ndani namwona dokta mzima mzima, kichwa chini miguu juu.

Akagusa. "Hapa?" Nikasema hapo hapo, dokta, pole pole.

Simu ikaita.

Nikauona mkono kwenye kisahani. Mkono ule ule, glovu ile ile. Unashuka taratibu. Unaingia mfuko wa koti. Unatoka na simu, simu inakwenda sikioni. "Niko na mgonjwa, bandika mchele, nazi iko kwenye friji." Simu inarudi mfukoni. Halafu kidole, kimoja, kinaanza safari ya kurudi kwangu.

Baadaye nilielezwa kwamba alikuwa anapitisha mkono juu yangu kufuata boksi la glovu mpya dirishani. Sawa. Ningejuaje? Mimi nilimwona Bliss.

"Dokta, usinifanye Garfield!"

Nesi akauliza, "Gafi ndiye nani, baba, mkeo?" Lakini nilishachomoka. Nikafungua mlango, nikatokea koridoni kwa hatua za bata, napiga kelele: "Rais alikufa hivi hivi! Rais kafa kwa vidole vya madaktari!"

Wadau, sijui kama mmewahi kutangaza kifo cha rais mkiwa nusu uchi. Watu hawaangalii suruali. Koridoni kote kimya. Mzee mmoja akavua kofia, akasema inna lillahi. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti. Vidole vikakimbilia simu. Mlinzi akaja mbio na kirungu chake.

"Rais yupi?"

"Garfield!"

"Wa wapi?"

"Marekani!"

"Lini?"

Hapo ndipo akili ilipoanza kurudi, na upepo wa feni nikausikia huko nyuma. Nikajibu kwa sauti ndogo sana: "1881."

Yule mama aliyekuwa analia alinitazama kwa jicho ambalo hata mama yangu mzazi hajawahi kunitazama nalo. Mzee akavaa kofia. Jamaa yangu alikuwa amekaa chini sakafuni, hawezi kusimama kwa kicheko.

Basi, nikarudishwa ndani, jipu likapasuliwa, nikapewa dawa, nikalipa, nikaondoka kwa mlango wa nyuma.

Tatizo, kidonda kinasafishwa pale pale. Jana nafika getini, mlinzi akanishika mkono, anataka kujua nani alishika nchi baada ya marehemu. Nikamwambia ni Arthur, mtu aliyekulia kwenye siasa za kugawiana vyeo, lakini mwaka 1883 akasaini sheria ya watu kuajiriwa serikalini kwa mtihani. Akafikiri kidogo, akaniuliza na walinzi nao walitahiniwa.

Namtafutia jibu.