Msiniambie inakuza akili

Haipiti wiki kwenye kundi letu la wazazi la WhatsApp bila mtu kutuma video ya mtaalamu: cheza na mwanao dakika 20 kila siku, inakuza ubongo. Dakika 20! Kama dozi ya dawa, kutwa mara moja baada ya chakula.

Sina ugomvi na wataalamu. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikalishwe mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeweka michezo kwenye orodha moja na chakula na mavazi. Haya, nimekubali. Kinachonikera ni hii tabia ya kutafutia kila kitu faida. Hivi mtu mzima wa Dar hawezi kucheza na mtoto kwa sababu tu ni raha?

Maana ni raha, jamani. Binti yangu ana miaka mitano na siku hizi tumenogewa na mdako. Tumechimba kishimo uani karibu na karo, kokoto tumeokota kwa jirani anayejenga (na asiyemaliza, Mungu amzidishie uvivu). Unarusha jiwe juu, unazoa kokoto kutoka shimoni, unalidaka. Unarusha tena, unazirudisha zote, nje inabaki moja tu. Mkono wake bado mdogo, akizoa mbili kajitahidi, kwa hiyo katunga sheria zake: jiwe lake likidondoka, limepumzika. Langu likidondoka, nimekufa. Nikikata rufaa naambiwa, "Baba, acha kulialia."

Hapo unakuzwa ubongo wa nani? Wangu, labda. Natoka Kariakoo kichwa kimejaa madeni, nachuchumaa pale kubishania kokoto, na mpaka magoti yanalia sikumbuki nani ananidai. Anapofanikiwa kudaka, anacheka mpaka anakaa chini, kisha ananitazama kuhakikisha nimeona. Nimeona, mama. Sijui ni biashara gani mjini hapa inayolipa hivyo.

Sisi wanaume ndio tunajinyima zaidi. Kuna mtu hupita getini na kuniuliza, "Baba Zuhura, na ndevu zako hizo?" Ndevu ndizo zinazodaka mawe? Huyo huyo atashinda kijiweni akitokwa na mishipa ya shingo kwa ajili ya Simba na Yanga, na haoni aibu.

Kombolela tumeshindwa. Mtaa wetu wa Tabata umejaa kuta, na kile kiuwanja tulichokuwa nacho kimegeuka maegesho ya bajaji. Hilo lina makala yake.

Najua, wapo wanaotoka Chanika kabla ya adhana ya alfajiri, na wakirudi foleni imeshawamaliza na watoto wamelala. Hao siwasemi. Ila Jumapili je? Kutoka sebuleni hadi uani hakuna foleni.

Wala si lazima acheze baba peke yake. Bibi yake alipokuja kutoka Muheza alilalamikia magoti tangu stendi, akatandikiwa mkeka karibu na shimo, akatuangalia weee, halafu akasema tunaharibu mchezo. Akakunja kanga, akatufunga wote wawili bila kudondosha jiwe hata mara moja, kisha akadai soda. Zuhura alijaribu ile sheria yake ya kupumzika. Bibi akamwambia mawe ya Muheza hayachoki.