Kipato cha Msingi cha Hiari na Falsafa ya Maslahi Binafsi

Kipato cha msingi ni fedha anazopewa kila mtu kila mwezi, bila kuulizwa anafanya kazi gani wala ana shida gani. Kikitokana na kodi, wafuasi wa Ayn Rand, mwandishi na mwanafalsafa wa Marekani aliyefundisha kwamba mtu aishi kwa maslahi yake mwenyewe, hukikataa papo hapo, kwani kwao kodi ni kumnyang'anya mtu jasho lake. Lakini tuondoe shuruti: mwenye kutaka achangie, asiyetaka aache. Je, falsafa inayomtaka mtu aishi kwa maslahi yake bado ina sababu ya kukikataa?

Rand hakukataza kusaidia. Alichopinga ni msaada kugeuzwa wajibu, na mtu kutoa mhanga anachokithamini zaidi kwa ajili ya asichokithamini. Kumpa unayemwona anastahili, kwa kiasi unachokimudu, halikuwa kosa machoni pake. Alipendekeza hata serikali iendeshwe kwa michango ya hiari, akaitaja bahati nasibu kuwa njia mojawapo. Ajabu ni kwamba Ujerumani, tangu 2014, shirika la Mein Grundeinkommen hukusanya michango ya watu binafsi na kuchezesha kura. Anayeshinda hupata euro 1,000 kila mwezi kwa mwaka mzima. Anayechangia kwa sababu anataka kuishi katika jamii isiyotawaliwa na hofu ya ufukara hajajinyima chochote, amenunua anachokitaka.

Tatizo ni kwamba jamii hiyo tulivu ataifaidi hata asipochangia. Mwanauchumi wa Marekani Mancur Olson alilieleza jambo hili mwaka 1965: faida ikiwa ya wote, kila mmoja ana sababu ya kumwachia mwenzake gharama. Watetezi wa Rand hujibu kwamba mtu mwenye akili timamu haishi kwa kudandia jasho la wengine. Nalikubali jibu hilo nusu tu. Linamkataza kuwa kupe, lakini halimpi sababu ya kulipia kitu ambacho hakukiomba.

Ugumu zaidi uko kwenye kutoa bila masharti. Rand aliona uhusiano wa haki kati ya watu kuwa ni wa kubadilishana thamani kwa thamani, na msaada uende kwa anayestahili. Kipato cha msingi hakichagui mpokeaji. Mtu anaweza kusema kuchunguza nani anastahili ni ghali na kunadhalilisha, kwa hiyo ni busara kumpa kila mtu. Tena kuna jaribio la Ujerumani la 2021 hadi 2024, lililogharimiwa kwa michango, ambapo watu 122 walipewa euro 1,200 kwa mwezi kwa miaka mitatu. Hawakupunguza kazi, waliendelea na wastani wa saa 40 hivi kwa wiki. Hata hivyo walikuwa watu wa umri wa miaka 21 hadi 40 wanaoishi peke yao, na wastani haumjibu anayeuliza kuhusu mtu mmoja mmoja.

Kwa maoni yangu, mpango unaokaa vizuri na falsafa hii ni mkataba: watu wanakubaliana kuweka sehemu ya mapato yao kwenye mfuko, na kila mmoja achukue kiasi sawa. Hapo ninajikatia bima, na ubinafsi wangu umeridhika. Lakini wenye kipato kidogo watakimbilia kuingia na wenye kikubwa watajitoa, jambo ambalo kampuni za bima zinalijua vizuri. Mfuko ukianza kuchagua wanachama ili usife, hautakuwa tena wa kila mtu. Na mtoto aliyezaliwa na ulemavu utakaomzuia kufanya kazi maisha yake yote hana cha kuweka mezani. Falsafa hii inaruhusu ahurumiwe, ila haimwahidi kitu.

Hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Fedha inayoweza kukatika mwezi ujao haimwezeshi mtu kumwacha mwajiri anayemnyanyasa wala kuanza mafunzo ya miaka miwili. Ile hiari inayomlinda mtoaji ndiyo inayomwacha mpokeaji na wasiwasi. Mtoaji anaweza kujifunga mwenyewe kwa mkataba wa miaka kumi, na Rand aliheshimu mikataba. Basi wanaounadi mpango huu waseme wazi kabla ya kuchangisha: nani atafungwa, kwa muda gani, na wasio na cha kuchangia wataingia kwa mlango upi.