Mzee Asiyesukumika

Ukipata nafasi ya kutazama filamu za Ma Yueliang, mwalimu wa taichi, ile sanaa ya mapigano ya Kichina yenye mwendo wa taratibu, zilizopigwa uzeeni mwake, nakuomba usimtazame sana yule mwanafunzi anayerushwa nyuma. Tazama visigino vya mwanafunzi huyo muda mfupi kabla hajarushwa. Mara nyingi kisigino kimoja kimeshaanza kuinuka, na mzee bado hajafanya jambo lolote linaloonekana. Mikono yake ipo palepale, miepesi, imegusana na ya mwenzake kama ya watu wawili wanaosalimiana na kusahau kuachana. Kisigino kikiinuka, kazi imekwisha. Kuruka kunakofuata ni mapambo tu, na mapambo hayo ndiyo yaliyowafanya watu wengi waidharau taichi nzima.

Mimi siidharau. Naipenda, na kwa sababu naipenda nataka isifiwe kwa kile ilicho nacho kweli.

Ma Yueliang alizaliwa mwaka 1901 na kufariki mwaka 1998. Kwa kazi alikuwa daktari wa magonjwa ya damu mjini Shanghai. Alimwoa Wu Yinghua, binti wa Wu Jianquan, yule ambaye ukoo wake ndio uliotoa jina la mtindo wa Wu. Mwaka 1935 mkwe wake huyo alianzisha chama cha taichi Shanghai, na alipofariki mwaka 1942 binti na mume wake wakaubeba mzigo. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, mambo ya namna hiyo yakawa ya kufichwa. Miaka ile ilipopita na watu wakaruhusiwa kukusanyika tena, mume na mke walikuwa wameshavuka sabini. Kwa hiyo tunachokiona katika filamu zile ni ustadi uliohifadhiwa mwilini miaka mingi bila hadhira, kama moto unaofukiwa jivu usiku ili asubuhi upulizwe.

Wachina wanauita mchezo wenyewe tuishou, yaani kusukumana mikono. Wawili husimama wakitazamana, kila mmoja mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, vifundo vya mikono vikigusana. Mmoja anasukuma, mwenzake anapokea, kisha zamu inageuka, mikono ikizunguka bila kuachana. Anayeng'oka mguu ameshindwa. Hakuna ngumi wala teke. Kazi za msingi ni nne: peng, mkono kutuna kwa ndani kama mpira uliojaa upepo, lü, kuipokea nguvu na kuipitisha pembeni, ji, kubana, na an, kukandamiza. Hizo nne hurudiwa miaka na miaka. Mimi zinanikumbusha wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: kila mmoja anaujua mchi wa mwenzake ulipo bila kuutazama, na wakikosea nusu pigo tu michi inagongana.

Juu ya hizo nne kuna ustadi unaoitwa ting jin. Ting ni kusikiliza, jin ni nguvu iliyofunzwa. Nimewaona wanafunzi kutoka Ulaya wakihangaika kweli kuelewa mtu atasikilizaje kwa mkono. Mimi sikupata taabu hiyo, na sifa si yangu, ni ya lugha yetu. Mswahili husikia baridi. Husikia harufu ya vitunguu, husikia njaa, husikia maumivu ya mgongo. Kwetu kitenzi hiki hakijawahi kuwa mali ya masikio peke yake. Mwalimu aliponiambia niisikie nguvu yake kwenye ngozi ya mkono wangu, alikuwa ananiambia neno ambalo mama yangu angeliweza kulisema jikoni.

Nilikuwa Shanghai kwa masomo, miaka minne. Alfajiri nilikuwa napita bustani ya Fuxing, katika mtaa uliowahi kuwa wa Wafaransa, na chini ya miti mikubwa wazee walikuwa wameshajaa: wanaocheza dansi, wanaocheza karata, wanaotembea kinyumenyume wakipiga makofi, na wa taichi. Mmoja wa hao wa taichi alikuwa na miaka 81, mfanyakazi wa kiwanda aliyestaafu. Sote tulimwita laoshi, mwalimu. Alinitazama siku kadhaa nikisimama pembeni, kisha akaninyoshea mkono.

Nikamsukuma kwa adabu, kwa sababu nimelelewa kutomtia mzee mkono wa nguvu. Akatikisa kichwa.

“Unausukuma mkono wangu au unauonea huruma? Sukuma.”

Nikasukuma. Nilikuwa na kilo 84, yeye sidhani kama alifika 60. Nilichokutana nacho sikukitarajia hata kidogo: si ukuta, wala si nguvu iliyofichwa. Ilikuwa kama kuegemea mlango ukidhani umekomewa, kumbe umerudishwa tu. Uzito wangu wote ulikwenda mbele peke yake, na nilipohangaika kuurudisha, kiganja chake kikanigusa kifuani kwa upole, upande uleule niliokuwa nakimbilia. Nikaenda hatua nne nyuma. Hakunirusha. Aliniongezea kidogo tu kwenye safari niliyoianza mwenyewe.

Akaniambia jambo ambalo sijalisahau: “Bega lako linapiga kelele kabla mkono haujasema.”

Baadaye nilijifunza kwamba alichokisema si fumbo. Mtu anapotaka kusukuma, misuli ya miguu na kiuno hukaza kabla ya mkono kusogea, kwa sababu mwili hujitayarisha kwanza usije ukaanguka. Wataalamu wa mwendo wa mwili wamelipima hilo. Kwa hiyo habari za msukumo wangu zilikuwa zinamfikia mzee kabla ya msukumo wenyewe, kupitia kipande cha ngozi kisichozidi upana wa vidole viwili. Yeye alijua nitafanya nini mapema kidogo kuliko nilivyojua mimi, na hapo uzito wangu haukuwa tena na kazi.

Lililobaki ni mahali pa kugusa. Tunasema figa moja haliinjiki chungu, na mawili pia hayainjiki. Binadamu amesimama juu ya mafiga mawili. Chora mstari kutoka mguu wako mmoja hadi mwingine: ukisukumwa kwa kuufuata mstari huo utahimili, ukisukumwa kwa kuukata, kuelekea pale ambapo figa la tatu lingekuwa, hata mtoto atakuyumbisha. Kila ukibadili miguu, pengo hilo linahama, lakini haliondoki. Mzee alikuwa analitafuta pengo langu muda wote na kulijua. Wachina husema liang nne huhamisha jin elfu moja (jin hii ni kipimo cha uzito, si ile nguvu iliyofunzwa), ambazo kwa vipimo vya leo ni gramu 200 kuhamisha kilo 500. Ni usemi wa kishairi, haukuletwa kwa ajili ya mizani, ila kila aliyesimama mbele ya mkono wa namna ile anaelewa ulikotoka.

Katika waraka wa kale ambao watu wa taichi wanauheshimu kuliko mwingine wowote, unaonasibishwa na Wang Zongyue, mna sehemu inayonigusa sana. Inasimuliwa kwamba uliokotwa katika duka la chumvi huko Wuyang, katika karne ya 19, na kumfikia Wu Yuxiang, bingwa wa taichi wa ukoo mwingine wa Wu, kupitia kaka yake. Waraka unasema mwili wa stadi uwe mwepesi wa kusikia hata unyoya usiweze kuongezwa juu yake wala nzi kutua. Kisha unauliza: ukimwona mzee wa miaka themanini au tisini akiwakabili watu wengi, je, hiyo inaweza kuwa kazi ya wepesi wa mwendo? Mwandishi angeweza kumchukua askari wa miaka 25 kuwa mfano wake. Alimchagua mzee kwa makusudi, nadhani, kwa sababu kwa kijana hutajua kamwe kama ni ustadi au ni misuli. Kwa mzee misuli imeshaondoka, na kinachobaki kinaonekana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema uzee unaongeza nguvu ya siri. Hauongezi. Misuli ya kasi hupungua mapema kuliko mingine, mishipa ya fahamu hupitisha habari polepole, na hata ngozi ya vidole hupoteza wepesi wake wa kuhisi. Mzee wangu wa Fuxing alikuwa na masikio mabovu zaidi yangu, ya kichwani na ya mikononi pia. Tofauti yetu ilikuwa kwamba mwili wake ulikuwa kimya. Bega lilikuwa limelala, kifua hakikubana pumzi, goti halikubishana na kiuno. Katika nyumba tulivu hata mtu mwenye usikivu hafifu husikia panya akitembea darini. Mimi nilikuwa na masikio mazuri ndani ya nyumba yenye mashine ya kusaga. Kila nilipojikaza ili nisisukumwe, kukaza kwenyewe kulizima kila kitu nilichopaswa kusikia.

Ukimya huo haupatikani kwa kukaa bure hadi mvi zitoke. Unapatikana kwa kushindwa kila siku mbele ya mtu na kutokukasirika. Zheng Manqing, tabibu na mchoraji aliyehamia New York mwaka 1964, aliwahimiza wanafunzi wake wajifunze kula hasara. Wachina wenyewe wanasema hivyohivyo, kula hasara, kama tunavyosema sisi. Anayekaza mkono leo ili asing'oke mguu anaondoka na ushindi wa siku moja na sikio lilelile alilokuja nalo.

Na hili linanirudisha kwa wale wanaoruka. Mwanafunzi anayejirusha nyuma hatua kumi ilhali ameguswa tu, nampa haki kwamba anafanya kwa heshima. Lakini anamdhulumu mwalimu wake. Mwalimu anaishi kwa kusikia, na mwanafunzi huyo anampa sauti ya uongo. Miaka ikipita, mwalimu aliyezungukwa na watu wa namna hiyo hupoteza sikio lake na hajui, na siku akikutana na mgeni asiye na sababu ya kumstahi, huumia. Mwaka 2017 huko Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano mseto, alimwangusha mwalimu wa taichi Wei Lei kabla nusu dakika haijaisha. China nzima ilibishana. Wengi walihitimisha kwamba taichi ni uongo mtupu.

Sikubaliani nao, ila sikubaliani pia na waliokasirika kwamba pambano lilifanyika. Kusukumana mikono kuna masharti: mikono inagusana, miguu imesimama, wote wawili wanasikilizana. Ondoa mguso, na kusikia kunaondoka. Watu wa ukoo wa Wu walilijua hilo zamani. Januari 1954, Wu Gongyi, ndugu wa Wu Yinghua, akiwa amevuka miaka 50, alipanda ulingoni Macau kupambana na Chan Hak-fu wa mtindo wa korongo mweupe, mtu mdogo kwake kwa miaka mingi. Fedha za pambano zilikuwa za kuwasaidia wenye shida, wakiwemo waliounguliwa na moto wa Shek Kip Mei, Hong Kong, usiku wa Krismasi 1953. Filamu ipo. Ni ngumi za kutafutana, damu puani, raundi mbili, na hakuna aliyetangazwa mshindi. Haifanani kabisa na mikono inayozunguka bustanini. Sioni aibu yoyote kwa Wu Gongyi katika filamu ile. Naona mtu mzima mwenye ujasiri katika mchezo mwingine.

Kusikia huku kuna faida yake nje ya ulingo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 Marekani, watu 670 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, waliokuwa katika hatari ya kuanguka, waligawanywa katika makundi ya mazoezi. Waliofanya taichi walianguka pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha. Hao hawakusukumana na mtu. Walijifunza kuusikia unyayo wao wenyewe ukiwa chini, na kwa mwenye miaka 75 na mifupa myepesi, ngazi ya nyumbani ni mpinzani mkubwa kuliko Xu Xiaodong.

Kufikia mwaka wa tatu mzee alikuwa anahitaji muda mrefu zaidi kuning'oa. Siku moja tulizunguka dakika nzima bila yeyote kupata pengo, naye akacheka kwa furaha kubwa, akawaita wenzake waje waone. Kisha akaning'oa.

Magoti yake yalikuwa yakimsumbua miaka ile. Asubuhi ya mwisho kabla sijaondoka China nilimsindikiza hadi kituo cha treni ya chini ya ardhi, na kwenye ngazi za kushuka akaomba mkono wangu. Mtu ambaye sikuwahi kumsogeza hata unyayo alikuwa anahitaji kushikwa ili ashuke. Tukashuka daraja moja moja, kiganja chake juu ya kifundo changu. Nilingoja uzito wake uje. Haukuja. Mkono ule ulikuwa umelala juu ya wangu kama kanga iliyoanikwa, na kila nilipobadili mguu, kabla unyayo haujagusa chini, vidole vyake vilikuwa vimeshahama.