Kicheko Kilichogeuzwa Kilio

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kuandika manukuu, yale maneno yanayopita chini ya skrini, kwa ajili ya filamu moja ya hali halisi. Ilimhusu mama mmoja ambaye mdogo wake wa kiume alifungwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Kabla ya filamu yenyewe nililetewa mazungumzo yote yaliyorekodiwa, zaidi ya saa tatu, niyatafsiri ili mhariri ajue wapi akate na wapi aache.

Kuna mahali yule mama anasimulia siku ya kwanza alipokwenda gerezani kumwona mdogo wake. Alikuwa amejiandaa kumkuta amekonda na kukata tamaa. Swali la kwanza alilokutana nalo likawa hili: "Dada, bado unaunguza chakula?" Mama anaposimulia hapo anacheka. Anacheka mpaka mabega yanatikisika, anainamisha kichwa, anafuta machozi kwa kiganja cha mkono, halafu anakaa kimya kidogo.

Filamu ilipokamilika, swali lile halikuwemo. Picha ilianzia pale anapoinamisha kichwa. Mabega yanatikisika, kiganja kinafuta machozi, na fidla inapigwa taratibu. Sikuwa na hata sentensi moja ya kutafsiri pale. Hakuna aliyetamka uongo, lakini kicheko cha yule mama kilikuwa kimegeuzwa kilio.

Nimeifikiria picha ile mara nyingi kuliko filamu yoyote niliyowahi kuipenda, na imenifikisha kwenye msimamo ambao siuoni kuwa mkali: mtu aliyeazima maisha yake kwa filamu aonyeshwe kazi ile kabla haijakamilishwa, na asikilizwe anaposema hapa sipo mimi.

Kawaida ya kazi hii ni fomu ya ridhaa. Mhusika anaisaini siku ya kwanza, mara nyingi mbele ya watu aliokutana nao juzi tu, wakati hata mwongozaji mwenyewe hajui filamu itakuwa ya namna gani. Miaka miwili au mitatu baadaye, kwenye chumba cha uhariri, ndipo inapoamuliwa nani ni shujaa, nani ni wa kuhurumiwa na kisa kinaishia wapi. Saini ya siku ile ilikuwa ruhusa ya kurekodiwa. Sioni itakuwaje ruhusa ya kufanywa mtu mwingine.

Jambo hili lina umri sawa na fani yenyewe. Mwaka 1922 Robert Flaherty alitoa filamu yake kuhusu Wainuit wa kaskazini mwa Kanada, ambayo wengi huitaja kama mama wa filamu ndefu za hali halisi. Mhusika mkuu anaitwa Nanook kwenye skrini. Jina lake la kweli lilikuwa Allakariallak. Wawindaji wa wakati ule walishakuwa na bunduki, lakini alitakiwa awinde kwa zana za zamani. Nyumba ya barafu ilijengwa ikaachwa wazi upande mmoja ili mwanga uitoshe kamera, na watu wakajifanya wamelala ndani yake. Watazamaji walipenda sana, na kwa miaka mingi dunia ikaamini imewaona Wainuit. Kumbe ilikuwa imeona jinsi mtu mmoja alivyotaka wawe. Ndiyo maana neno utamaduni likitajwa kwenye filamu mimi huuliza kwanza: nani alichagua nguo walizovaa?

Kwa upande wa haki, mfano unaoniumiza ni wa Randall Dale Adams. Alihukumiwa kifo huko Texas kwa mauaji ya polisi yaliyotokea mwaka 1976, na adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Errol Morris alitengeneza filamu iliyoonyesha ushahidi ule ulivyokuwa umeoza. Ilitoka 1988, na mwaka uliofuata Adams akawa huru. Sijui kazi nyingine ya sanaa inayoweza kujivunia jambo kubwa kuliko hilo. Lakini baada ya kutoka, Adams alimfungulia Morris kesi akidai haki ya kisa cha maisha yake, na wakamalizana nje ya mahakama. Wapo waliomwona hana shukrani. Mimi namwelewa. Mtu aliyekaa gerezani miaka kumi na miwili huku wengine wakisema yeye ni nani, cha kwanza atakachotaka kukishika akitoka ni jina lake.

Najua pingamizi. Waongozaji ninaowaheshimu huniambia kwamba ukimpa mhusika kalamu nyekundu, filamu inakuwa tangazo. Kwa wenye nguvu ni kweli kabisa. Waziri, tajiri au jenerali asipewe nafasi ya kufuta aliyoyafanya. Hata hivyo, kuonyesha si lazima iwe kukabidhi mkasi. Joshua Oppenheimer aliwarekodi watu waliojigamba kushiriki mauaji ya halaiki ya Indonesia ya 1965 na 1966, na aliwarudishia picha zao wakazitazama kamera ikiwa inaendelea kurekodi. Ikiwa wauaji walipata kujiona, mama wa watu aliyeonewa ananyimwa kwa sababu gani?

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Filamu ya 1994 iliyowafuata vijana wawili wa Chicago waliotamani kucheza mpira wa kikapu ilirekodiwa kwa takriban miaka mitano, na ilipoingiza fedha watengenezaji waligawana mapato na familia zile. Haikugeuka kuwa tangazo. Mpaka leo inahesabiwa miongoni mwa kazi bora za aina yake, na ukiitazama unahisi watu wale walikaa na kamera kama mgeni aliyekwisha kuwa ndugu.

Hata kwenye filamu ambazo mtengenezaji anajirekodi mwenyewe na familia yake, kuna mama, kaka au mtoto ambaye hakushika kamera.

Nirudi kwa yule mama. Nilimweleza mwongozaji nilichokiona. Akanijibu kwa upole kwamba mtazamaji akisikia kicheko hatauamini uchungu. Sikubaliani naye hadi leo. Mtu anayeweza kumcheka dada yake akiwa nyuma ya vyuma ndiye ambaye ningetaka atoke gerezani kesho asubuhi. Ila siku ile sikubishana. Nilirudisha kazi, nikalipwa.

Mama aliiona filamu kwa mara ya kwanza ukumbini, pamoja na watu wote. Taa zilipowashwa walimzunguka, wengine wakilia, wakimshika mikono. Alipopata nafasi alinifuata nilipokuwa nimesimama karibu na mlango.

"Mwanangu," akasema, "pale ninapofuta machozi, si ndipo nilipokuwa nacheka?"

"Ndiyo, mama. Ndipo hapo."

Akatikisa kichwa. "Na mdogo wangu ataiona hivyohivyo?"