Mama wa Watu Ataona Baridi

Fangasi wakiingia kwenye maabara ya seli, undugu unakufa. Siku Profesa alipofungua inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, akakuta chupa zote zimeota manyoya meupe, kila mtu alimtazama mwenzake. Mwanafunzi wa uzamivu akasema ni fundi maabara, maana huwa anapiga soga huku chupa ziko wazi. Fundi akasema ni dada wa uzamili, anayekaanga maandazi alfajiri kabla ya kuja kazini, na hamira na fangasi ni ukoo mmoja. Dada akanuna. Saa nne tukanywa chai kavu.

Seli zetu zote za HeLa, seli za binadamu tunazozikuza kwa utafiti, zilikuwa zimekwenda, na zile za akiba kwenye tangi la nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikagoma kuamka. Profesa akampigia simu rafiki yake wa Moshi, akaahidiwa flaski mbili, chupa ndogo za kukuzia seli. Nani akazilete? Mimi ndiye msaidizi wa utafiti, kwa hiyo hata kura haikupigwa.

Kusafirisha vitu hivi kuna taratibu zake, maboksi matatu moja ndani ya jingine na karatasi za kujaza. Profesa anazijua na anazifundisha. Ila hela ya mradi ilikuwa imelala kwa mhasibu, basi akanikumbusha historia: George Gey, aliyezikuza seli hizi Baltimore mwaka 1951, alikuwa akipanda ndege na mirija yake kwenye mfuko wa shati ili joto la mwili lizitunze.

"Seli zinataka nyuzi 37," akasema. "Wewe unazo, tena bure."

Moshi wakazijaza flaski midia mpaka shingoni, wakaziba kwa utepe, wakanifunga tumboni kwa bendeji. Midia ndiyo chakula cha seli: sukari, chumvi, seramu ya ndama, na rangi kidogo ya kuonyesha hali ya asidi. Ikiwa sawa ni nyekundu. Ikichacha inageuka njano. Ikikaa wazi na kaboni dayoksaidi ikatoka, inakwenda kwenye zambarau. Hilo la mwisho likumbuke.

Nilivaa shati jeupe, ndilo nililo nalo la kwenda kwa watu. Kiyoyozi cha basi kilikuwa kinapuliza kwa hasira. Same akapanda mama mtu mzima na kapu la tangawizi, akakaa pembeni yangu, kapu akalipakata. Karibu na Hedaru suka akalivaa tuta bila salamu. Mama akaruka, kapu likaruka, likatua tumboni kwangu. Nikasikia *kwa*.

Kisha nikasikia umajimaji unashuka kiunoni.

"Mwanangu, unatoka damu!"

Basi zima likasimama, maana abiria walikwishapiga kelele kuliko honi. Mmoja akaanza kukemea mapepo. Mwingine akatoa taulo. Kutoka viti vya nyuma akaja mzee akisema, "Nipisheni, mimi daktari," akanilaza kwenye ujia, akanifungua vifungo. Alipoona bendeji akatikisa kichwa kwa huzuni. Alipoona kingo za lile doa zinageuka zambarau mbele ya macho yake, akarudi nyuma hatua nzima.

"Hii rangi sijaiona hata kwa ng'ombe."

Ndipo ikajulikana ni daktari wa mifugo.

"Si damu jamani," nikasema, "ni chakula cha seli."

"Seli za nani?" akauliza konda.

Hapa ningenyamaza mambo yangeisha. "Za mama mmoja Mmarekani mweusi. Henrietta Lacks."

"Yuko wapi?"

"Alifariki mwaka 1951."

Kukawa kimya. Konda akakuna kidevu. "Bro, maiti ina nauli yake."

Nikaeleza kwamba si maiti. Ni seli za uvimbe wa saratani ya shingo ya kizazi, zilikatwa hospitalini akiwa hai, na tangu hapo hazijaacha kuzaliana. Chanjo ya polio ilipofanyiwa majaribio makubwa mwaka 1954, seli zake ndizo zilizosaidia kupima kama inafanya kazi. Daktari wa mifugo akaitikia kwa kichwa, heshima yake ikirudi kidogo kidogo. Lakini mama wa tangawizi alikuwa na yake.

"Aliacha watoto?"

"Watano."

"Waliambiwa?"

Mama huyu angekaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti tungekoma. "Hapana. Walikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua."

"Na kaburi?"

"Halikuwa na jiwe mpaka mwaka 2010."

"Mungu wangu!" Akanivua bendeji mwenyewe, akaitoa flaski iliyosalia, akaitazama kwenye mwanga, akaivingirisha kwenye kitenge chake na kuipakata palipokuwa na kapu. Kapu nikapewa mimi. "Konda! Zima hiyo baridi. Mama wa watu ataona baridi."

Hakuna aliyebisha. Kutoka Hedaru hadi Mbezi, basi lenye kiyoyozi likaenda bila kiyoyozi. Chalinze joto likazidi, kijana mmoja akaomba kiwashwe dakika tano tu, akageukiwa na safu nzima.

Kwenye hadubini seli zilikuwa zimekamatia chupa vizuri kabisa, fangasi hakuna. Profesa akasema "safi sana", akiziambia seli.

Mama alichukua namba yangu. Hupiga Jumapili akitoka kanisani: "Mgonjwa wetu hajambo?" Na Jumapili kwa kawaida tuko maabara, maana HeLa huongezeka maradufu kwa kama siku moja na midia haisubiri Jumatatu. Juzi akauliza niko wapi, nikamwambia kazini, wote tupo.

"Nipe huyo mkubwa wenu."

Profesa, mtu aliyezoea kuhojiwa na majopo ya wafadhili, akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama... Hapana, yeye hapumziki, ndivyo alivyo... Vijana? Ndiyo, wana familia... Ndiyo mama... Naelewa mama."

Mwanafunzi wa uzamivu alikuwa ameshavua glavu. Fundi anatafuta funguo za pikipiki.

"Sawa mama, tutapanga zamu kuanzia Jumapili ijayo."

Dada wa maandazi akasogea karibu na simu, akapaza sauti:

"Na leo je?"